Mwaka Ulio Kwenye Nembo: Uchambuzi wa Kisa cha Klabu ya Raga ya Ridhaa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu klabu ya raga ya ridhaa, yaani isiyowalipa wachezaji wake, katika mji mmoja wa nyanda za juu za Kenya. Majina ya klabu, ya mji na ya wahusika wote yameondolewa, na pale ambapo mwaka kamili ungeitambulisha klabu, umetajwa mwongo (kipindi cha miaka kumi) tu. Kimeandikwa kwa ajili ya makatibu na wanakamati wa klabu ndogo, hasa zile zinazochezea katika uwanja ambao hati yake iko mikononi mwa mtu mwingine. Kiini chake ni kwamba klabu ilianza kuitafuta historia yake siku ilipotakiwa kuithibitisha, na historia iliyopatikana haikuwa ile iliyokuwa ikisimuliwa.

Usuli

Raga iliingia Kenya pamoja na walowezi na maofisa wa serikali ya kikoloni. Mechi ya kwanza iliyoandikwa ilichezwa mwaka 1909, na kwa miongo kadhaa mchezo huo ulikuwa wa Wazungu peke yao. Nairobi ilipata klabu kama Nondescripts mwaka 1923, lakini katika miji ya mashambani mambo yalikwenda kwa njia nyingine: timu zilizaliwa ndani ya klabu za wanachama ambazo tayari zilikuwa na gofu, tenisi, kriketi na, muhimu kuliko vyote, baa. Klabu tunayoichambua ni ya aina hiyo. Haikuanzishwa kama chama chenye katiba na akaunti yake, bali ilikuwa sehemu ya raga ndani ya klabu mama. Nahodha wake alikuwa na kiti katika kamati kuu, nyasi zilikatwa na mfanyakazi wa klabu mama, na jezi zilinunuliwa kwa fedha zilizotokana na vinywaji vya Jumamosi jioni.

Baada ya uhuru, shule zilizokuwa zimetengewa Wazungu zilifunguliwa kwa wote. Prince of Wales ikawa Nairobi School, Duke of York ikawa Lenana School, na vijana Waafrika waliojifunza raga huko walipoajiriwa katika mabenki, idara za serikali na shule za mikoani, waliubeba mchezo wao. Mwaka 1970 Kenya ilipata chama chake cha kitaifa cha raga na mashindano ya Kenya Cup yakaanza. Mwaka 1977 zilizaliwa klabu za Mwamba na Mean Machine, hii ya pili ikiwa ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na sura ya mchezo ikabadilika kabisa. Katika mji wetu mabadiliko hayo yalifika kwa mwendo wa polepole, kupitia walimu wawili watatu, makarani wa benki na ofisa mmoja wa kilimo ambaye kila mtu anakubali kwamba alikuwa na mguu wa ajabu wa kushoto.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wachezaji walibadilika, wanachama wa klabu mama pia walibadilika, lakini uhusiano kati ya pande hizo mbili haukuandikwa upya. Mchezaji alilipa nauli yake, akanunua viatu vyake na kuchangia chakula cha wageni baada ya mechi, kwa sababu desturi ya raga ni kwamba mwenyeji huwalisha waliokuja kumpiga. Hata bodi ya kimataifa ya raga ilipofuta masharti ya ridhaa mnamo Agosti 1995, hapa hakuna aliyelipwa hata shilingi. Kwa mtu anayecheza namna hiyo kwa miaka kumi, uwanja ni wake, na hakuna anayemwambia vinginevyo mpaka siku fedha zinapopungua.

Jinsi mgogoro ulivyoanza

Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilizitaka klabu za michezo kusajiliwa kwa Msajili wa Michezo. Kamati ya raga, ikiongozwa na mwenyekiti kijana aliyetaka mambo yaende kwa utaratibu, iliamua kuandika katiba na kujisajili kama klabu inayojitegemea. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini ulikuja wakati mbaya, kwa kuwa katika kipindi hichohicho klabu mama ilikuwa na madeni na ilikuwa imepokea pendekezo la kugeuza upande mmoja wa uwanja kuwa maegesho ya magari na eneo la kukodishia hafla za harusi.

Barua ya klabu mama ilikuwa fupi na, kwa mtazamo wa kisheria, yenye akili. Ilisema kwamba kwa kuwa wachezaji wa raga sasa wamejitangaza kuwa chama kingine, basi wanatumia uwanja kama wageni waalikwa, na mwaliko huweza kuondolewa. Kamati ya raga ilijibu kwa hasira kwamba klabu imecheza hapo mfululizo tangu mwaka ulioshonwa kwenye nembo ya jezi, mwaka wa miaka ya 1920. Wakili wa klabu mama akauliza swali moja tu: kuna karatasi gani inayoonyesha hivyo?

Hapakuwa na karatasi. Kulikuwa na ubao wa heshima wenye majina ya manahodha yaliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu, ulioanza katikati ya miaka ya 1970. Vikombe viwili visivyo na maandishi yanayosomeka. Na sanduku la bati lenye picha zilizogandana kwa unyevu. Mihtasari ya mikutano ya sehemu ya raga ilikuwa imetoweka. Wengine walisema iliungua jengo la zamani lilipowaka moto, wengine wakasema katibu mmoja alihama nayo alipopewa uhamisho wa kikazi. Maelezo hayo mawili yalitolewa na watu wale wale, wakati mwingine katika mazungumzo yale yale.

Maamuzi ya kamati na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuunda kamati ndogo ya historia ya watu watatu, na mmoja wao atoke klabu mama. Wachezaji wengi walipinga, wakaona ni sawa na kumkaribisha mpinzani katika chumba cha kubadilishia nguo. Mwenyekiti alishikilia msimamo wake kwa hoja kwamba historia iliyoandikwa na upande mmoja itasomwa na upande huo tu, na kwamba vitabu vya hesabu vya klabu mama viko kwenye kabati ambalo ufunguo wake hawana. Mjumbe aliyeteuliwa alikuwa mweka hazina mstaafu, mcheza tenisi, mtu asiyeipenda raga hata kidogo lakini anayeheshimu risiti.

Uamuzi wa pili ulihusu uzito wa ushahidi. Walikubaliana kwamba karatasi iliyoandikwa wakati tukio linatokea itatangulia kumbukumbu ya mtu, na kwamba wazee watahojiwa mmoja mmoja, nyumbani kwao, kabla ya kukutanishwa. Sababu ilikuwa ya kivitendo: katika kikao cha kwanza, kilichofanyika barazani kabla ya kanuni hiyo kuwekwa, mzee mwenye sauti kubwa zaidi alisimulia na wengine wakaitikia, na baada ya nusu saa wote walikuwa wanaikumbuka mechi ambayo wawili kati yao walikuwa bado hawajahamia mjini.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu zaidi, nao ni kuandika waziwazi kwamba kwa sehemu ya kwanza ya maisha yake klabu hii haikuwaruhusu Waafrika kuingia ila kama watumishi. Mwanakamati mmoja alihofu kwamba jambo hilo litawapa wapinzani silaha, kwa kuwa klabu ya sasa haiwezi kudai urithi wa watu ambao wasingewakubali. Mwingine alijibu kwamba, kinyume chake, urithi wa uwanja umetokana na waliokata nyasi zake kama ulivyotokana na waliokimbia juu yake. Hoja ya pili ilishinda kwa kura moja.

Yaliyopatikana

Mjumbe mmoja alitumwa Nairobi kupitia magazeti ya zamani katika Nyaraka za Taifa na Maktaba ya McMillan. Kurasa za michezo za East African Standard zilikuwa na matokeo ya timu za mikoani, wakati mwingine mstari mmoja tu. Kutokana na mistari hiyo ilidhihirika kwamba timu ya mji huu haikutajwa popote katika mwaka ulio kwenye nembo. Ilianza kuonekana karibu miaka kumi baadaye. Mwaka wa nembo ulikuwa wa kuanzishwa kwa klabu mama yenyewe, yaani gofu na baa, na mtu fulani aliyebuni nembo katika miaka ya 1980 aliuchukua kutoka kwenye bango la langoni.

Hadithi nyingine iliyoanguka ni ile iliyopendwa kuliko zote. Ilisemekana kwamba British Lions, timu ya wachezaji bora wa Uingereza na Ayalandi, wakirejea kutoka Afrika Kusini mwaka 1955, walifanya mazoezi kwenye uwanja huu. Ni kweli kwamba Lions walipita Kenya Septemba mwaka huo na kuifunga timu ya Afrika Mashariki pointi 39 kwa 12, lakini mechi hiyo ilichezwa Nairobi, na hakuna gazeti, barua wala picha iliyowaweka katika mji wetu hata kwa chai. Hadithi iliondolewa.

Kisha ikaja karatasi ya mechi, ambayo inastahili kuelezwa kwa kirefu. Mzee mmoja, anayeheshimika sana mjini, alikuwa akisema kwamba alikuwa nahodha wa kwanza Mwafrika mwaka 1968, na alikuwa na karatasi ya majina ya timu mbili, isiyo na tarehe, iliyoandikwa nyuma kwa penseli: trai nne, mikwaju miwili ya kuongezea trai, penalti moja, jumla 23. Mwalimu wa hisabati aliyekuwa katika kamati aliitazama na kuuliza trai, yaani kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, ilikuwa na pointi ngapi wakati huo. Hilo ndilo swali lililoifungua karatasi. Hadi mwaka 1971 trai ilikuwa pointi 3, kuanzia hapo ikawa 4, na mwaka 1992 ikapandishwa kuwa 5. Mkwaju wa kuongezea trai ni pointi 2 na penalti ni 3. Kwa hesabu ya kabla ya 1971 jumla ingekuwa 19; kwa hesabu ya baada ya 1992 ingekuwa 27. Jumla ya 23 inapatikana kwa trai ya pointi 4 peke yake, kwa hiyo mechi hiyo haikuweza kuchezwa mwaka 1968.

Namna jambo hili lilivyopelekwa kwa mzee ni sehemu ya kisa. Hawakumsahihisha mbele ya watu. Walimtuma mchezaji mwenzake wa zamani, ambaye alikwenda na karatasi na kuanza na jezi badala ya mwaka. "Mzee mwenzangu, siku hii tulivaa zile za mistari au zile nyekundu?" Mzee akajibu bila kusita kuwa ni za mistari. "Na za mistari si alizileta yule meneja wa benki?" Meneja huyo alihamishiwa mjini mwaka 1973, na barua yake ya uhamisho ilikuwapo. Mzee alinyamaza, kisha akasema, "Basi niandikieni huo mwaka wenu, lakini nahodha nilikuwa mimi." Na kweli alikuwa yeye.

Tatizo lililofichuliwa na karatasi hiyo lilikuwa kubwa kuliko mwaka wa mtu mmoja. Ikiwa unahodha wake ulikuwa baada ya 1971, na timu ya mwisho ya walowezi ilitajwa gazetini katikati ya miaka ya 1960, basi kulikuwa na misimu kadhaa ambayo klabu haikuwa na timu kabisa. Neno "mfululizo" katika barua yao ya kwanza halikuwa kweli. Wanakamati wawili walipendekeza pengo hilo lisitajwe. Ni mjumbe wa klabu mama, yule mcheza tenisi, aliyesema kwamba kabla ya kuficha chochote angependa kutazama vitabu vya matumizi vya miaka hiyo.

Alivipata. Katika vitabu hivyo, kwa miaka ileile ambayo hapakuwa na timu, kulikuwa na malipo ya rangi nyeupe ya milingoti ya raga na matengenezo ya mashine ya kukatia nyasi, na mwaka mmoja kulikuwa na ununuzi wa mlingoti mpya baada ya mmoja kuoza. Klabu mama ilikuwa imeutunza uwanja kama uwanja wa raga, kwa fedha zake, ikisubiri wachezaji. Ushahidi huo ulitoka katika kabati la upande uliokuwa ukikana, na ulisomwa kwa sauti na mtu wa upande huo.

Matokeo

Shauri halikufika mahakamani. Pande mbili zilitia saini mkataba wa matumizi ya uwanja wa miaka kadhaa unaoweza kuongezwa, ambao unaitambua klabu ya raga kama chama kilichosajiliwa chenye haki ya kutumia uwanja kwa siku na saa zilizotajwa, nayo inachangia gharama za maji na nyasi. Maegesho yalihamishiwa upande wa viwanja vya tenisi, jambo ambalo mweka hazina mstaafu alilipokea kwa uchungu unaoeleweka. Kijitabu cha historia kilichapishwa, kikiwa na sura kamili kuhusu ubaguzi wa enzi ya ukoloni na nyingine kuhusu misimu isiyo na timu.

Gharama pia ilikuwapo. Wachezaji wawili wa zamani hawakuhudhuria uzinduzi kwa sababu ya mwaka mpya wa kuanzishwa kwa klabu, na mmoja wao hajarudi uwanjani tangu hapo. Kamati iliamua kutobadilisha nembo mara moja. Jezi zilizopo zitavaliwa mpaka zichakae, na seti itakayofuata itakuwa na mwaka uliothibitishwa. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa wa busara ya fedha kuliko ya historia, lakini klabu ya ridhaa haina budi kufikiri hivyo.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kumweka mjumbe wa klabu mama ndani ya kamati. Bila yeye vitabu vya matumizi visingefunguliwa, na hata vingefunguliwa kwa amri ya korti, wakili angevisoma kama orodha ya manunuzi ya rangi. Thamani yake ilitokana na kutokuwa shabiki: alipothibitisha jambo, hakuna aliyesema ni mapenzi ya raga yanayozungumza. Klabu nyingi humchagua mwandishi wa historia kwa sababu anaipenda klabu. Kwa kazi ya namna hii sifa hiyo ni mzigo.

Uamuzi wa kukiri pengo na kukiri ubaguzi ulifanya kazi kwa sababu ambayo wahusika hawakuitarajia. Wakili wa klabu mama alikuwa amejiandaa kuibomoa hadithi ya "mfululizo tangu miaka ya 1920", na angeweza kuibomoa kwa kurasa chache za gazeti. Alipoletewa simulizi ambayo tayari ilikuwa imekiri udhaifu wake, hoja yake ilikosa pa kugonga, na mazungumzo yakahamia kwenye swali la kweli, yaani uwanja ulitunzwa kwa ajili gani. Ni lazima pia kusema kwamba bahati ilihusika. Vitabu vile vingeweza kuliwa na mchwa.

Kushindwa kukubwa kulihusu watu ambao hawakuulizwa. Wake na dada waliopika chakula cha wageni na kufua jezi kwa miongo miwili hawakuhojiwa hata mmoja kabla ya rasimu ya kwanza, na ni mmoja wao, alipoisoma, aliyeonyesha kwamba ziara mbili zilizodaiwa kuwa za miaka tofauti zilikuwa ziara moja, kwa sababu alikumbuka ujauzito gani alikuwa nao. Mtunza uwanja mstaafu, aliyefanya kazi hapo kuliko mwanachama yeyote aliye hai, alifikiwa mwisho kabisa, mkataba ukiwa tayari umeandikwa. Alitazama picha ya zamani yenye kilima nyuma ya milingoti, akacheka, na kueleza kwamba uwanja uligeuzwa. Zamani ulilala mashariki kwa magharibi, jua la jioni likiwapofusha wachezaji, na ulipogeuzwa kisima kilichimbwa pembeni. Kwa hiyo sehemu ya ardhi iliyokuwa ikigombaniwa haikuwahi kuwa uwanja wa kuchezea katika miaka ya mwanzo, na sehemu nyingine ambayo hakuna aliyeidai ilikuwa. Ramani ya mkataba ilibidi ichorwe upya, kwa ada mpya ya mpimaji ardhi. Laiti angeulizwa kwanza, mgogoro ungepungua kwa nusu, kwa kuwa maegesho yangeweza kusogezwa kidogo tu bila kugusa nyasi za mtu yeyote.

Mpangilio wa kuhoji mtu mmoja mmoja ulizaa matunda, lakini ulichelewa. Watu watatu waliotajwa mara nyingi katika mahojiano walikuwa wamefariki ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Wote walikuwa wakija uwanjani kila mechi ya nyumbani na kuketi upande uleule wa baa, na hakuna aliyewahi kuwawekea kinasa sauti mbele yao.

Liko pia suala la muda wa usajili. Kamati ya raga ilijitangaza chama huru kabla ya kuwa na makubaliano yoyote kuhusu uwanja, na kwa hatua hiyo iliupa upande wa pili hoja ambayo haukuwa nayo siku iliyotangulia. Sheria ilitaka usajili, lakini haikuwakataza kutia saini mkataba wa matumizi ya uwanja kwanza, wakati bado walikuwa na kiti katika kamati kuu. Kati ya makosa yote ya kisa hiki, hili ndilo ambalo klabu nyingine inaweza kuliepuka kwa barua moja.

Katika uandishi wa kijitabu, sura fupi kuliko zote iligeuka kuwa ya miaka ya karibuni. Miaka ya 1930 ina magazeti, ya 1970 ina karatasi na wazee, lakini kwa sehemu kubwa ya mwongo uliopita matokeo, majina ya timu na picha vilitumwa kwenye kundi la WhatsApp, na makatibu wawili waliofuatana walibadilisha simu bila kuhifadhi chochote. Timu ya wanawake, iliyoanzishwa katika kipindi hicho, ina ushahidi mdogo wa mechi zake za kwanza kuliko walowezi waliokufa zamani. Kamati ilipitisha azimio kwamba baada ya kila mechi matokeo yaandikwe kwa kalamu katika daftari linalokaa kwenye kabati la baa, na kwamba nakala ya daftari hilo ipelekwe kwa klabu mama kila mwisho wa msimu. Msimu wa kwanza daftari lilijazwa mpaka mechi ya nne, kisha likakaa bila kuguswa hadi katibu alipoulizwa juu yake katika mkutano mkuu. Sasa jukumu hilo limepewa nahodha wa timu ya wanawake, ambaye ameanza kwa kuwapigia simu wachezaji wenzake wa mwaka wa kwanza.